Kahindo si Idunn: Uhakiki wa Tukio la Kisimani katika Utendi wa Mwindo

Katika semina ya fasihi simulizi hapa Goma, mwanafunzi mmoja aliwasilisha kazi iliyomlinganisha Kahindo, binti wa kuzimu katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, na Idunn, mungu wa kike wa watu wa Skandinavia ya kale. Alidai kwamba wote wawili ni miungu ya upya. Akahitimisha kwamba nyuma ya Kahindo lazima palikuwa na ibada ya msimu, mfano wa ile ambayo baadhi ya watu wa Ulaya na Marekani humfanyia Idunn siku hizi katika usiku mrefu wa Desemba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hitimisho hilo halitokani na matini, na kwamba linatunyima jambo lenye thamani kubwa zaidi.

Tuanze na Idunn mwenyewe. Habari zake zimehifadhiwa hasa na Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13. Idunn hutunza matofaa ambayo miungu huyala ili wasizeeke. Loki anapomtia mikononi mwa jitu Thjazi, miungu wanaota mvi mpaka mlinzi huyo arudishwe. Sherehe ya katikati ya majira ya baridi, iliyoitwa jól, ilikuwapo kweli huko Kaskazini. Na Bede, mtawa wa Uingereza aliyeandika mwaka 725, aliutaja "usiku wa akina mama" miongoni mwa Waanglia wa kale. Lakini masimulizi ya Snorri hayampi Idunn sherehe hiyo. Kumfungamanisha na usiku huo ni kazi ya wafufuaji wa dini ya kale katika zama zetu. Wana haki ya kuabudu watakavyo. Ila mhakiki hana haki ya kuichukua ibada mpya kuwa ushahidi wa ile ya kale, kisha akaifanya kipimo cha utendi wa Wanyanga.

Kipimo hicho kina kasoro nyingine. Goma iko takribani digrii 1 na dakika 40 kusini mwa Ikweta. Hapa tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haizidi dakika 12 hivi. Anayeishi Iceland huliona jua likififia hadi kukaribia kutoweka, naye ana sababu ya kuwasha moto na kulisihi lirudi. Sisi jua halijatupa hofu hiyo. Basi, kama upya upo katika utendi huu, tuutafute mahali pengine.

Utendi wa Mwindo ulinakiliwa mwaka 1956 kutoka kwa mtambaji Candi Rureke, ukachapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969 kwa Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Mwindo, mtoto aliyekataliwa na baba yake Shemwindo, anang'oa kikoka na kushuka kuzimu kumtafuta baba huyo aliyemkimbia. Karibu na kisima cha kijiji cha Muisa anamkuta Kahindo, binti wa Muisa. Wahariri wanamweleza Kahindo kuwa mungu wa kike wa bahati njema. Lakini tazama hali yake: mwili umejaa buba. Kahindo anamwonya mgeni asikubali kiti wala pombe atakavyopewa na Muisa, kwa kuwa ni mitego. Mwindo naye anamwosha vidonda vyake, akapona.

Hapa ndipo ulinganisho unapovunjika. Idunn ana ghala: upya wake umo ndani ya kisanduku, na anayekiiba kisanduku ameiba ujana wa miungu. Kahindo hana ghala. Bahati anayompa Mwindo ni neno la onyo tu, na uzima anaoupata yeye unatoka mikononi mwa mpita njia. Aliye mungu ndiye mgonjwa. Aliye binadamu ndiye mganga. Baba yake, mwenye enzi ya kuzimu, hakumponya. Upya katika tukio hili hautawaliwi na kalenda, bali unazaliwa papo hapo baina ya watu wawili wanaohitajiana. Kiswahili kinao ufunguo wa tukio hili tangu zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui maelezo mafupi yanayolifaa zaidi.

Lugha yenyewe inaunga mkono usomaji huu. Mwindo huitwa pia Kabutwa-kenda, yaani kadogo kaliozaliwa kakatembea papo hapo. Jina hilo linaanza na kiambishi ka-, ambacho katika lugha nyingi za Kibantu ni cha udogo. Kiswahili sanifu kwa kawaida hutumia ki- mahali pake, lakini Kiswahili cha Kongo kinacho kingali hai: tunasema katoto, tutoto. Msikilizaji wa Goma akisikia Kahindo na Kabutwa-kenda, sikio lake hupokea wadogo wawili kisimani. Umbo la jina peke yake halithibitishi asili yake, nalo Kahindo ni jina la wanawake wengi wa Kivu Kaskazini, hasa Wanande. Hata hivyo mwangwi huo ni sehemu ya maana kwa hadhira yetu, nao hupotea mara tunapoandika "mungu wa kike" na kuishia hapo. Wanaoandika "mungu jike" wanakosea zaidi, kwa sababu jike ni neno la wanyama. Napendekeza tuseme Kahindo, mwenye bahati njema, na kuliacha jina lifanye kazi yake.

Huenda msomaji akauliza: je, tuache ulinganishi? La. Isidore Okpewho alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1979 kwamba tendi za Afrika zinaweza kusomwa bega kwa bega na za Ulaya. Lakini kusomwa bega kwa bega si kuvalishwa nguo ya mwingine. Ulinganishi mzuri hutusaidia kuona tofauti. Nisingaliona upungufu wa Kahindo kuwa ndio nguvu yake kama mwanafunzi yule asingalimleta Idunn darasani. Kwa hilo namshukuru.

Linalobaki ni letu sote. Darasani kwetu utendi huu tunausoma kupitia Kiingereza, ilhali Walikale, nchi ya Wanyanga, imo katika mkoa huu huu. Vita vimewatoa wasemaji wengi wa Kinyanga katika vijiji vyao, na baadhi yao wamekuwa wageni mijini. Tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa moja kwa moja kutoka Kinyanga, pamoja na wasemaji hao na kwa kuwalipa haki yao, ingekuwa kazi ya heshima kwa idara yoyote. Wao wanayo maneno tusiyoyajua. Sisi tuna karatasi na muda. Kisimani pale, kila mmoja alitoa alichokuwa nacho.