Kiashiria cha Mwangaza cha Qtile: Mara 5 kwa Sekunde, za Nini?

Mmekiona kiashiria cha mwangaza wa skrini kwenye mwambaa wa Qtile, kile kidhibiti cha madirisha. Kwa mpangilio wake wa awali, kimekosewa. Asilimia yake ni sahihi, hupatikana kwa kugawanya mwangaza kwa max_brightness bila kubahatisha, na kubadili mwanga kwa gurudumu la kipanya ni kazi nzuri.

Kosa ni update_interval, muda kati ya usomaji mmoja na mwingine, ya sekunde 0.2. Faili la mwangaza lililo ndani ya /sys/class/backlight linasomwa mara 5 kila sekunde, mara 18,000 kwa saa, hata kama hujagusa kitufe tangu alfajiri. Kiashiria hiki ni kama mtu wa Kilindoni, Mafia, anayeshuka gatini kila dakika kuuliza kama boti ya Nyamisati imefika, ilhali nahodha anayo namba yake ya simu.

Nahodha ni kerneli. Mwangaza ukibadilika, kwa kitufe au kwa kuandika kwenye faili, backlight_generate_event hutuma uevent, yaani taarifa ya tukio, na kuwaamsha wanaosubiri kwenye actual_brightness. Simu inaita, Qtile haipokei.

Watetezi husema ongeza muda uwe sekunde 5. Basi utabonyeza kitufe, skrini ififie, na namba ibaki palepale. Yaelekea ndiyo maana ikachaguliwa 0.2: badala ya kusikiliza, imeharakishwa kuuliza. Hilo silikubali hata kidogo.

Nimelalamika hivi kuhusu kiashiria cha betri, kuhusu cha sauti, na nitarudia. Kisiwani Mafia, ambako umeme umetegemea jenereta za dizeli miaka mingi, ukikatika tu mtu anapunguza mwanga wa skrini kwanza ili chaji imfikishe jioni. Kifaa cha kumwonesha akiba hiyo hakina haki ya kuamsha prosesa bure.

Programu ya acpid ya Tim Hockin ililijua hili zamani. Ililala mpaka tukio lije, ikaendesha hati ya mistari michache, ikalala tena. Kwa upande wa Wayland, mwambaa wa Waybar husikiliza udev, inayopokea uevent hizo.

Dawa imo nyumbani mwa Qtile. Qtile inaendeshwa na asyncio: soketi ya udev ipewe add_reader, faili lisomwe mara moja Qtile inapowaka, kisha isubiri.