Maana ya "Au" katika Ushahidi wa Mkimbizi: Uhakiki wa Nadharia ya Kanuni za Uhitimishaji

Makala haya yanahakiki dai kwamba maana ya viunganishi vya kimantiki, kama vile "na", "au" na "ikiwa", hutokana na kanuni zinazotawala matumizi yake katika uhitimishaji. Gerhard Gentzen, mwanamantiki wa Ujerumani, alilipa dai hilo umbo lake mwaka 1935. Kwake, kila kiunganishi kina kanuni ya kukiingiza katika hoja na kanuni ya kukiondoa. Ya kwanza ndiyo fasili, na ya pili ni tokeo lake. Anayestahili kusema "P au Q" ni yule aliyethibitisha walau upande mmoja. Anayetaka kuhitimisha jambo kutokana na kauli hiyo sharti aonyeshe kwamba linafuata kutoka kila upande.

Mwaka 1960 Arthur Prior alitoa pingamizi mashuhuri. Alibuni kiunganishi "tonk", kinachoingizwa kwa wepesi wa "au" na kuondolewa kwa uhuru wa "na". Kwacho, kauli yoyote huzaa kauli yoyote. Nuel Belnap alijibu mwaka 1962 kwamba kanuni za kiunganishi kipya hazipaswi kuzalisha, katika msamiati uliokuwapo, hitimisho lisilokubalika hapo awali. Jibu hilo linaizuia "tonk", lakini linaacha swali jingine: je, kanuni ya kuingiza ndiyo chimbuko la maana?

Swali hilo si la darasani tu. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Kiswahili huwaunganisha watu wengi waliotoka Kongo na Burundi, ilhali Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 imeandikwa kwa Kiingereza. Baina ya lugha hizo husimama mkalimani. Chukuliwe mfano wa kubuni: mama mmoja anasema, "Waliovamia usiku walikuwa askari au waasi." Alisikia risasi, hakuona sare. Kwa kanuni ya Gentzen, hana msingi wa kutamka "au", kwa kuwa hawezi kuthibitisha upande wowote. Hata hivyo, kauli yake ni timamu na kila msikilizaji anaielewa. Michael Dummett, mtetezi mkuu wa mkabala huu, aliutambua ugumu wa aina hiyo mwaka 1991.

Madhara yanaweza kuja kwa njia mbili. Mkalimani akiandika "askari na waasi", mama atakaposema baadaye kwamba hana hakika kuhusu waasi, ataonekana amejipinga. Afisa naye akimlazimisha achague upande mmoja, anaigeuza kanuni ya kuingiza kuwa maana nzima. Katika hali zote mbili mkweli huonekana mwongo.

Kinachobeba maana ya "au" ya shahidi ni kanuni ya kuondoa: wawe askari, wawe waasi, maisha yake yalikuwa hatarini, kwa hiyo hatari imethibitika bila kuchagua. Gentzen, basi, alikuwa sahihi kutafuta maana katika kanuni, ila aliuweka uzito upande usiotosha. Kwa wanaofundisha ukalimani Mbarara, mji mkubwa ulio jirani na makazi hayo, na kwa washauri wa sera, funzo ni bayana: tafsiri ya kiunganishi isipimwe kwa kamusi pekee. Ipimwe kwa kuuliza ni hitimisho gani linaruhusiwa katika lugha ya shahidi, na kama hilohilo ndilo linaloruhusiwa katika kumbukumbu iliyoandikwa.