Tulicheka lafudhi ya Papa Shirandula, tukasahau suti yake

MAJUZI nilialikwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili wa shule za upili kuhusu fasihi na runinga. Wakati wa maswali, mwalimu mmoja alisimama akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyeudhika kwelikweli: "Daktari, mbona nyinyi wanaisimu mnanyamazia vipindi vinavyoboronga lugha? Chukua Papa Shirandula. Watoto wetu wamejifunza kushrabu pale, tena bila karo." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka. Jibu nililompa lilikuwa la kukwepakwepa, na tangu siku hiyo limenikereketa rohoni. Leo nalilipa deni hilo.

Kwa msomaji kijana ambaye hakukipata, Papa Shirandula kilikuwa kipindi cha vichekesho vya kifamilia kilichopeperushwa na Citizen TV kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mhusika mkuu aliigizwa na marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 18, 2020, nchi ikiwa katikati ya janga la korona. Mkewe, Wilbroda, aliigizwa na Jacqueline Nyaminde. Walikuwapo pia Njoro wa Kenneth Gichoya, Otoyo wa Kazungu Matano na Awinja wa Jacky Vike, yule mfanyakazi wa nyumbani ambaye jina lake limegeuka kuwa nomino ya kawaida katika mitaa mingi.

Wanafunzi wangu huniuliza nazungumzia msimu upi. Kipindi chenyewe hakikuhesabiwa kwa misimu kama vile vya siku hizi. Neno msimu tumelipata kwa Kiarabu, na Waswahili wa pwani walilitumia kwa majira ya pepo, kaskazi ikileta vyombo na kusi ikivirudisha. Lililetwa kwenye runinga juzi tu, kwa maana ya mfululizo unaokuja ukaondoka. Papa hakuondoka. Alikuja kila wiki, watu wakamzoea kama jirani.

Turudi kwenye hoja. Kiini cha kipindi ni siri moja. Papa ni bawabu. (Nasema bawabu kwa kuwa ndilo neno la kamusi, mtaani ni soja ama wochi, na gazetini ni mlinzi. Kazi yenye majina mengi namna hii huwa haina anayetaka kuitwa kwa jina lake.) Mkewe hajui. Asubuhi mume hutoka nyumbani kavaa suti kama karani wa ofisi kubwa, akifika kazini anaivua, anavaa sare na kushika lango. Jioni suti inarudi mwilini, naye anarudi kwa Wilbroda akiwa mdosi.

Sasa sikiliza lugha yake. Papa hutamka Kiswahili kwa lafudhi ya magharibi mwa Kenya. Tuelewane hapa kwa sababu ndipo lawama nyingi zinapoanzia. Katika lugha kama Kibukusu, sauti ghuna za b, d na g hazisimami peke yake. Hujitokeza zikitanguliwa na nazali, kama katika mb, nd na ng. Mzungumzaji wa lugha hiyo anapokutana na 'gari', 'dawa' na 'bado', ulimi wake unampa 'kari', 'tawa' na 'pato'. Huo si uzembe. Ni kanuni, tena inayofuatwa kwa uthabiti kuliko sisi wengine tunavyofuata upatanisho wa kisarufi. Hata jina la mhusika lina funzo. Wengi hudhani 'Papa' ni 'baba' iliyoharibika mdomoni, ilhali katika Kibukusu papa ndilo neno lenyewe la baba. Mswahili wa pwani naye akilisikia anamfikiria samaki.

Kwa hivyo suti inabadilika, sare inabadilika, lafudhi inabaki vilevile. Mwili wa Papa unadanganya mara mbili kwa siku. Ulimi wake haudanganyi hata mara moja. Na mbele ya Wilbroda lafudhi hiyo si kichekesho, kwa kuwa naye anatamka hivyohivyo. Pale sebuleni ndiyo lugha ya nyumba: ya kugombana, ya kubembelezana, ya kuulizana pesa za matumizi ziko wapi. Inakuwa mzaha inapofika langoni mbele ya mwajiri, na inapofika kwetu tulioketi kwenye makochi.

Hapo ndipo namkosoa mwalimu yule, nami najikosoa. Uongo uliomo katika Papa Shirandula umo kwenye koti. Mwanamume anaona ni heri amdanganye mkewe miaka na miaka kuliko kukiri kuwa analinda mali ya mwingine kwa mshahara halali. Swali hilo ni zito: ni aibu gani hiyo, na nani aliyeifunza? Nairobi ina maelfu ya wanaume wanaobadili nguo kazini ili wasionekane na sare njiani. Kipindi kiliwaweka katikati ya jukwaa, kikawapa mke, nyumba na hofu. Sisi tukakaa kuhesabu b zilizogeuka p.

Hata hivyo, sitaki kukitetea kwa upofu. Kwanza, siri moja haiwezi kubeba kipindi cha kila wiki kwa miaka mingi bila kuchoka, na vipo vipindi ambavyo mzaha ulikuwa wa tumbo na kuanguka tu. Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kilirithi desturi ya zamani ya vichekesho vyetu ya kuzigawia lafudhi kazi. Tazama Vioja Mahakamani. Aghalabu hakimu na kiongozi wa mashtaka walizungumza Kiswahili kilichonyooka, nao kina Makokha, Ondiek Nyuka Kwota na Masanduku arap Simiti wakasimama kizimbani na lafudhi zao. Usanifu uliketi juu, lafudhi ikashtakiwa. Langoni kwa Papa mpangilio ni uleule, na jikoni kwa Awinja pia. Mtoto anayetazama anajifunza bila kuambiwa kwamba sauti fulani ni ya kufungua geti na sauti fulani ni ya kuosha vyombo.

Wapo watakaosema huo ni uigizaji tu. Naam, na ndiyo sababu unastahili kuhakikiwa. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, aliyetuvunja mbavu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, alikuwa marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu. Kazungu Matano, aliyejulikana kote kwa jina la Kijaluo la Otoyo, asili yake ni pwani. Lafudhi jukwaani ni vazi kama suti ya Papa. Kuna anayelichagua na kumvika mhusika. Basi tuna haki ya kuuliza mbona vazi hilo huvikwa bawabu na yaya, na ni nadra kuvikwa daktari wa upasuaji asiyechekwa na mtu.

Nitaongeza jambo ambalo wenzangu wasanifishaji hawatalipenda. Mtu wa Mombasa akisema 'ndoo' badala ya njoo, 'ndia' badala ya njia na 'mtele' badala ya mchele, tunasema hiyo ni lahaja ya Kimvita na tunamwandikia tasnifu. Mtu wa Bungoma akisema 'kari', tunasema ameshrabu. Najua tofauti iliyopo: Kimvita ni lahaja ya wenyeji wa lugha, nayo 'kari' ni athari ya lugha ya kwanza. Nimeifundisha tofauti hiyo darasani miaka mingi. Lakini anayecheka haongozwi na isimu.

Najua hilo kwa sababu nimewahi kuwa mchekaji. Nikiwa mwalimu mchanga katika shule moja ya bweni, mvulana wa kidato cha pili alisimama kusoma ufahamu kwa sauti. Alipofika kwenye 'dada' ikatoka 'tata'. Nikasema, "Asante, Papa Shirandula, keti." Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba jirani akachungulia. Jina likamganda. Insha zake ziliendelea kuwa miongoni mwa bora darasani, lakini muhula mzima uliosalia hakuinua mkono tena, nami sikumwomba radhi.

Basi mwalimu mwenzangu, hili ndilo jibu nililopaswa kukupa ukumbini. Usikifungie kipindi hiki nje ya darasa. Tafuta sehemu moja, uwatazamishe wanafunzi wako, kisha waandike nani anamcheka nani, na wakati huo kila mmoja amevaa nini. Halafu wape insha: Wilbroda yuko mlangoni jioni, mumewe anarudi akiwa na sare ya kazi na suti ameikunja kwapani. Wamwandikie Wilbroda maneno yake ya kwanza, kwa lafudhi yake, na wewe usisahihishe b wala p.