Sarafu na Kitabu: Nani Shahidi wa Kweli?

Msomaji kijana, wazee wakiketi kuamua shauri la mpaka wa shamba, hawatosheki na kelele za shahidi wala uzee wake. Humwuliza maswali matatu: Uliona nini? Ulikuwa wapi? Nawe una faida gani katika shauri hili? Shahidi asiyeweza kujibu maswali hayo huambiwa akae, hata kama ana mvi. Maswali hayo matatu ndiyo mwanzo wa uhakiki, na mtu ayajuaye hawezi kudanganywa upesi.

Katika insha hii nataka tuwasimamishe mashahidi wawili wa habari za wafalme, nao ni kitabu na sarafu. Wako wasemao kwamba kitabu chaweza kudanganya, bali sarafu, kwa kuwa ni madini na maandishi yake hayafutiki upesi, husema kweli daima. Neno hili lapendeza kusikia, lakini halikupimwa.

Tuanze nyumbani. Huku Itumbe, katika nchi ya Kisii, wazee wetu wa kale hawakupiga sarafu. Utajiri wao ulikuwa ng'ombe zizini na wimbi ghalani. Sarafu zilitujia pamoja na kodi ya nyumba, duka la Mhindi, na mshahara wa kibarua. Ndiyo sababu katika nyumba za wazee waweza kukuta kopo lenye shilingi, thumuni, ndururu, na zile senti kumi zenye tundu katikati.

Chukua senti kumi ya mwaka 1936. Baadhi yake zina jina la Kilatini EDWARDVS VIII. Mfalme huyo wa Uingereza alishika ufalme tarehe 20 Januari 1936, akauacha mwezi wa Desemba mwaka ule ule, kabla hajavikwa taji. Kwao Uingereza, sarafu zenye sura yake hazikutolewa kwa matumizi ya watu. Lakini senti zetu zenye tundu hazikuchorwa sura ya mfalme, ila jina na cheo tu. Kwa hiyo zilipigwa, zikaletwa Afrika ya Mashariki, zikanunua chumvi na viberiti.

Sasa tumwulize shahidi huyu. Aliona nini? Aliona jina la mfalme na mwaka. Ana faida gani? Anayo kubwa, maana alipigwa kwa amri ya serikali ili atangaze enzi ya yule yule ambaye jina lake liko juu yake. Miaka elfu ikipita, mtu asiye na kitabu akiokota sarafu hizi nyingi, huenda akasema: Edward wa Nane alikuwa mfalme mkuu wa Waafrika wa Mashariki. Sisi tungecheka. Lakini tusicheke mno, maana sisi nasi twaweza kukosea vivyo hivyo tusomapo sarafu za watawala wetu wa kale wa pwani, hasa wale wa Kilwa.

Habari za watawala wa Kilwa zimehifadhiwa katika kitabu chenye sura mbili. Moja ni ya Kireno, iliyochapishwa na João de Barros mwaka 1552. Ya pili ni ya Kiarabu, ambayo nakala yake iliandikwa Unguja mwaka 1877 na sasa imewekwa London. Sura zote mbili zasimulia juu ya mwana wa mfalme aliyetoka Shiraz, na juu ya kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo. Kisha zataja watawala waliofuatana na miaka waliyotawala. Lakini katika majina na hesabu ya miaka hazipatani kila mahali. Tena habari hizi ziliandikwa katika karne ya 16, baada ya Wareno kuuteka mji mwaka 1505, mamia ya miaka baada ya mambo ya mwanzo kutendeka. Kwa swali la pili, basi, mwandishi hakuwapo. Kwa swali la tatu, kitabu hiki ni nasaba ya watawala, na kila nasaba ya watawala huandikwa ili mtu fulani aonekane kuwa mrithi wa haki. Sisemi ni cha uongo. Nasema ni shahidi mwenye upande.

Sarafu za Kilwa nazo ni shahidi wa namna gani? Nyingi ni za shaba, ndogo, nyepesi kuliko senti zetu. Upande mmoja una jina la mtawala, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizi mbili huafikiana kwa vina, kama mishororo ya shairi. Jambo hili lastahili sifa. Watu wa Kilwa walitaka hata fedha ya kununulia samaki iwe na maneno mazuri. Lakini kwa mtafuta tarehe zina kasoro moja kubwa: hazina mwaka. Nyingine zina cheo tu, Nasir al-Dunya, yaani mtetezi wa ulimwengu, wala hazitaji jina la mtu. Na kitabu hakimjui mtawala wa cheo hicho. Twaona, basi, kwamba sarafu nayo husema aliyoagizwa na mwenye enzi, na kunyamaza alipotaka inyamaze. Haina unyofu kuliko kitabu. Wote wawili ni watumishi wa nyumba moja.

Basi kweli itatoka wapi? Sikiliza shauri la mtawala mmoja, Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake limo katika sarafu nyingi, naye huhesabiwa kuwa ndiye mwanzilishi anayetajwa kitabuni. Kwa hesabu ya kitabu, alikuja katika karne ya 10. Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960, alitazama matabaka ya udongo ambamo sarafu hizo zilipatikana, akaona ni ya baadaye sana. Akamweka Ali karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ikapatikana akiba iliyofukiwa ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, na miongoni mwake zimo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali, nazo ziliandikwa miaka. Ya mwisho kabisa ni ya mwaka 1066. Akiba hiyo, basi, haikufukiwa kabla ya mwaka huo. Na kwa kuwa haikuwa na dinari ya baadaye, haielekei kuwa ilifukiwa muda mrefu baada yake. Kwa ushahidi huo Ali alitolewa mwaka 1200 akarudishwa karne ya 11. Kitabu kilikuwa kimemtanguliza mno, na mchimbuzi alikuwa amemchelewesha mno.

Angalia kwa makini ni nini kilichoamua shauri hili. Si maandishi ya sarafu za Ali, maana hayo yalikuwa yakijulikana tangu zamani. Kilichoamua ni majirani zake. Sarafu isiyo na mwaka ililala pamoja na sarafu yenye mwaka, na hapana mfalme aliyepanga walale hivyo ili asifiwe. Neno lililo juu ya sarafu ni la mfalme. Mahali ilipolala si pa mfalme. Hapo ndipo shahidi asemapo bila kuagizwa.

Nitatoa mfano wa pili. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, mtawala wa Kilwa ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa. Mahali hapo panatukumbusha biashara ya dhahabu iliyoitajirisha Kilwa. Na sarafu nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na sarafu nne za Kiholanzi. Habari hii ni ya ajabu kuliko ile ya kwanza, lakini ushahidi wake ni dhaifu, maana zilikuwa pwani mchangani, bila tabaka la kuonyesha zilifika lini wala kwa mkono wa nani. Sarafu zatoka mji mmoja; zile za Wessel zimebaki kitendawili.

Sasa tuwatazame wakusanyaji. Nisingependa kuwaonea. Kukusanya sarafu ni kazi ya zamani, na ulimwengu umefaidika nayo. Walikuwapo wafalme wa Kiyunani waliotawala Bactria, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, na hata sehemu za Uhindi, baada ya Alexander kufa mwaka 323 kabla ya Kristo. Wengi wao hawatajwi katika kitabu chochote. Twawajua kwa sarafu zao tu. Bila watu wenye subira ya kuziokota na kuzilinganisha, sura kwa sura na jina kwa jina, nasaba hizo zingalipotea kabisa.

Lakini nchi hiyo hiyo yatuonyesha hatari yake. Katika miaka ya 1990, huko Mir Zakah, ilitolewa kisimani hazina ya sarafu iliyokadiriwa kuwa tani kadhaa. Ikauzwa na kutawanywa sokoni kabla haijaandikwa. Kila mnunuzi alipata sarafu nzuri, na hapana aliyepata majirani zake. Je, kama akiba ya Mtambwe Mkuu ingaliangukia mikono kama hiyo? Dhahabu ingalikwenda kwa sonara, fedha ingaligawanywa kwa watalii, na Ali bin al-Hasan angalibaki mahali pasipo pake katika vitabu vyetu. Mkusanyaji ajuaye bei tu, wala haulizi sarafu ilitoka wapi, ni kama mtu akatae ulimi wa shahidi kisha ajisifu kwamba anao mwili wake.

Nami sikusema haya kwa kuwa nina mikono safi. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia ya kwamba magokoro wake, yaani nyanya yake, ana kopo la sarafu za zamani, akaniomba nikalitazame. Nikamwambia, juma lijalo. Juma lijalo likawa mwezi. Akapita mnunuzi mwenye mizani, akazinunua zote kwa uzito, na bei yake haikuzidi unga wa siku chache. Nilipofika hatimaye, ilikuwa imebaki moja tu, senti kumi ya mwaka 1936, kwa sababu ilikuwa imefungwa kwa uzi katika ufunguo wa sanduku.

Nikamwuliza mama yule juu yake. Akasema, ufunguo na sarafu alipewa na mama mkwe wake siku aliyoingia nyumba ile akiwa bibi arusi. Na mama mkwe aliipata kwa mumewe, katika mshahara wake wa kwanza kutoka mashamba ya chai ya Kericho. Nikamwuliza, na zile nyingine? Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Nazo zilikuwa na habari zake, mwalimu, lakini nilikuwa nikizikumbuka kwa kuzishika."

Jibu hilo sijalisahau. Mfalme wa sarafu ile hakupata hata mwaka mmoja wa ufalme, lakini juu ya uzi ule ilishuhudia safari ya kijana kutoka Kisii mpaka Kericho, na wanawake wawili walioachiana nyumba. Hakuna fundi wa Birmingham aliyeyachora hayo.

Kwa hiyo, msomaji wangu, nyumbani kwenu likiwapo kopo kama lile, usingoje mwalimu. Twaa daftari. Andika kila sarafu: mwaka wake, jina lililo juu yake, nani aliiweka, aliipata wapi, na ilikuwa pamoja na nini. Ukiona sarafu shambani au gofuni, usiing'oe. Andika mahali ilipo, kisha wapashe habari watu wa makumbusho. Tangu mwaka 2018 sarafu mpya za Kenya zina twiga, kifaru, simba na ndovu, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imekataza sura ya mtu ye yote katika fedha yetu. Watakaozichimbua baadaye hawatasoma humo jina la mfalme. Watahitaji sana kujua zilikuwa kwa nani.