Fanon kule Blida: mugonjwa akinyamaza, kosa ni la nani?

Wandugu, wengi wetu tunamujua Fanon kwa Les damnés de la terre, juu ya siasa. Wachache ndio wamesoma makala aliyoandika na Jacques Azoulay mwaka 1954, wakati alikuwa munganga wa wagonjwa wa akili kule Blida, Aljeria. Wanafunzi wa medisini na saikolojia, hii inawahusu.

Fanon alikuwa na wanawake Wazungu 165 na wanaume Waislamu 220. Akaleta njia moja kwa wote: gazeti la ndani, michezo ya kuigiza, sherehe, kazi za mikono. Kwa wanawake ilienda muzuri. Kwa wanaume, hakuna kitu. Jibu rahisi lilikuwa karibu, juu shule ya Antoine Porot kule Alger ilikuwa inafundisha kama akili ya Mwislamu wa Aljeria ni ya chini.

Nguvu ya makala iko hapa: waandishi wanakataa kumubebesha mugonjwa kosa. Wanajichunguza wenyewe. Gazeti walilipelekea watu ambao wengi hawakujua kusoma. Kusuka rafia, wanaume waliiona kazi ya wanawake. Sherehe hazikuwa za dini wala za jamaa. Basi wakafungua mukahawa wa kienyeji, wakaita musimulizi wa hadithi, wakaheshimu sikukuu za Kiislamu.

Lakini makala inaniachia njaa. Kwanza, lugha. Fanon hakusikia Kiarabu wala Kikabili, alipitia kwa mukalimani. Makala inakiri shida hiyo, lakini mukahawa hauiponyeshe. Ugonjwa wa akili haupimwe kwa damu tu, unapimwa kwa maneno. Mukalimani akifupisha, dua ya kawaida inaweza kuandikwa kama wazimu.

Pili, dini inaonekana zaidi kama sikukuu ya kundi kuliko imani ya mutu mumoja. Mwaka 1956, pamoja na François Sanchez, Fanon alisogea mbele: alionyesha kama pale watu wanapoona ni jini ndiye amemushika mutu, hawamulaumu mugonjwa. Munganga anayecheka habari ya jini anapoteza ile huruma ambayo jamaa tayari iko nayo.

Leo swali ni gumu zaidi. Mugonjwa anayemeza litiamu akifunga Ramadhani bila maji muchana wote, dawa inaweza kupanda katika damu mpaka kuwa sumu. Ukimwambia tu «acha kufunga», anaweza kuacha dawa. Uislamu wenyewe unamuruhusu mugonjwa asifunge. Basi mambo haya yazungumzwe mapema, yeye, jamaa yake, na imamu kama anakubali.

Waislamu tuko nao, Kasongo, Kindu na kwingine. Wale mumefanya staji kwa wagonjwa wa akili, mutuambie: kwenye fishi ya mugonjwa, kuna pahali pa kuandika kama anafunga, na analia kwa lugha gani?