Ushenga wa Vitabu

Kijana akisimama mbele ya kabati la vitabu husema, "Nataka kizuri." Ukimbana kidogo ataongeza, "Kisiwe kinene." Ukimbana tena atasema, "Kama kile cha mpelelezi, lakini kisiwe cha kizamani." Hapo ameshatoa karibu yote aliyonayo, nusunusu, huku jicho moja liko mlangoni. Anayemsikiliza akiwa mzembe atamkabidhi kitabu kilicho juu ya rundo. Akiwa fundi, ataanza kazi.

Ufundi huu ni wa kumpatia kijana riwaya inayomwingia moyoni yeye, huyu aliyesimama hapa, na wala si kijana wa kufikirika aliyemo katika kichwa cha mtunga mitaala. Wenye ufundi huo tunao. Yuko mkutubi wa shule, yuko mwalimu wa Kiswahili mwenye kasha la vitabu vyake mwenyewe chini ya meza, na yuko muuza vitabu vya mitumba aliyetandika turubai kando ya barabara. Hawana cheti cha kazi hiyo, na wengi wao hata jina la kuiita hawana. Mimi nawaita washenga.

Mshenga wa kweli huzijua nyumba zote mbili. Anajua upande wa bwana kuna nini cha kujivunia na nini cha kuficha, na upande wa bibi hivyo hivyo. Hasemi uongo, maana ndoa ikivunjika ataitwa yeye. Hali kadhalika mshenga wa vitabu: hana budi awe amekisoma kitabu, hata kama hakikumpendeza, kwa sababu kazi yake haihusu anachokipenda yeye. Tena hana budi amsome kijana. Mwenye kujua vitabu tu ni msomi, na mwenye kujua vijana tu ni mlezi. Ushenga huanza pale maarifa hayo mawili yanapokutana kwa mtu mmoja.

Kwa wengi wetu, riwaya ya kwanza ilikuja kwa ndoa ya lazima. Mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania amekutana na Takadini, Watoto wa Mama N'tilie au Joka la Mdimu kwa sababu vilikuwa katika orodha ya mtihani. Akifika kidato cha tano hupokewa na Kufikirika, Vuta N'kuvute au Mfadhili. Mwenzake wa Kenya, kwa kutegemea mwaka wake, alipewa Utengano, Siku Njema, Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri. Vitabu hivyo havina kosa, na kadhaa kati yake ni fahari ya lugha hii. Kosa ni kudhani kwamba darasa zima lina moyo mmoja. Basi mwanafunzi hununua mwongozo, akakariri dhamira, wahusika na tamathali za semi, akafaulu vizuri, na asijiulize hata mara moja: je, nini kitafuata?

Swali hilo ndilo chanzo cha kusoma. Mhindi S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, alilielewa jambo hili mwaka 1931 alipotoa sheria zake tano za ukutubi. Ya pili inampa kila msomaji haki ya kupata kitabu kinachomfaa. Ya tatu inakipa kila kitabu haki ya kupata msomaji wake. Marekani nako, Margaret Edwards wa maktaba ya Enoch Pratt, Baltimore, aliutumia umri wake wa kazi kwa vijana, watu ambao maktaba nyingi za wakati wake ziliwaona ni kelele tupu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alivipeleka vitabu mitaani kwa mkokoteni wa kukokotwa na farasi. Alishikilia kwamba anayetaka kuwahudumia vijana lazima kwanza awe amesoma, na asome sana.

Ukitaka kuuona ufundi wenyewe ukifanya kazi, chukua ombi jepesi kuliko yote: "Nataka upelelezi." Katika Kiswahili ombi hilo lina milango mingi. Kuna Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akaendelea na Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri. Bwana Msa huwaza. Huvuta kiko chake, huuliza swali linaloonekana la kipuuzi, kisha humwacha rafiki yake Najum, pamoja na sisi, tukihangaika na fumbo. Kuna Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974. Huyu ni mtu wa mbio, bastola na hoteli kubwa, na adui anajulikana mapema. Wasiwasi uliobaki ni kama atafikiwa kwa wakati. Halafu kuna Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mwenye dharau ya kuchekesha na mapozi, ambaye msomaji humfuata kwa ajili ya ulimi wake kama anavyomfuata kwa ajili ya hatari.

Rafu ya duka itawaweka hao watatu pamoja. Mshenga hawachanganyi. Kijana anayecheza drafti, anayependa kumshinda mwandishi kwa kukisia, atachoshwa na Willy Gamba na kumpenda Bwana Msa. Kijana anayetazama filamu za mapigano mpaka usiku wa manane atamwona Bwana Msa ni babu asiyetaka kuinuka kitini. Huyo mpe Willy Gamba wa Kikosi cha Kisasi. Anayewachekesha wenzake darasani mpe Joram. Na kwa Willy na Joram, mshenga makini huongeza maneno mawili kabla hajakiachia kitabu: kwamba visa vyao vingi viliandikwa wakati kusini mwa Afrika kungali vitani, na kwamba "kaburu" lilikuwa jina la adui ambaye kila msomaji wa siku zile alimjua. Aliyezaliwa baada ya 1994 akikosa ufunguo huo mdogo, atadhani mwandishi anatia chumvi.

Wahakiki wetu wameziita hadithi za namna hiyo riwaya pendwa, wakizitenga na riwaya dhati. Mgawanyo huo una faida katika ukumbi wa mihadhara. Mbele ya kijana, hauna. Kipendacho moyo ni dawa, na aliyekesha na Joram Kiango ana njia fupi ya kumfikia Adam Shafi, mwandishi wa Vuta N'kuvute, kuliko aliyelala juu ya mwongozo.

Tena kitabu kimoja kinaweza kuposwa kwa njia zaidi ya moja. Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle, hufundisha kwamba msomaji huingia kitabuni kwa mlango wa kisa, wa wahusika, wa mahali au wa lugha, na kwamba kila mtu ana mlango anaoupenda kuliko mingine. Tazama Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Shuleni tumezoea kuingia kwa mlango wa siasa: utawala dhalimu, haki na sheria. Lakini yuko kijana anayependa nchi za ajabu, anayechora ramani za visiwa visivyokuwepo nyuma ya daftari la hesabu. Huyo mwambie tu: hii ni habari ya nchi inayoelea angani, iliyotuma wajumbe sita pande sita, mmoja mbinguni na mmoja ardhini, na kila aliyerudi na habari njema alitupwa gerezani. Usimwambie neno "dhamira". Akimaliza, mpe Walenisi ya Katama Mkangi, ambamo mtu aliyehukumiwa anarushwa na chombo cha angani na kufika kwenye ulimwengu mwingine, kisha Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila. Siasa ataikuta humo humo, na ataijua mwenyewe bila kuoneshwa kwa kidole.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ina milango miwili mipana. Anayependa kisa atamfuata kijana anayetoka Tanga kwenda kumtafuta baba asiyemjua. Anayependa lugha atakaa na sentensi zake. Wako Wakenya wengi waliojifunza humo namna ya kupamba insha. Mshenga huuliza kwanza, kisha ndipo huamua aanze kukisifu kitabu kwa upande gani.

Kazi huwa nzito zaidi anapokuja msichana wa miaka kumi na mitano akasema anataka hadithi ya msichana kama yeye. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ni hadithi ya binti aliyelelewa kwa fimbo ya baba mkali, akatoka nyumbani bila kuijua dunia, na dunia ikammaliza. Kitabu hicho kiliwahi kuzuiwa shuleni. Hakifai kutolewa kwa kila binti, wala hakifai kufichwa kwa wote. Yuko binti ambaye kitamfungua macho kuliko nasaha zote za shangazi. Yuko mwingine mwenye jeraha bichi, ambaye kitamtonesha. Kwa huyo wa pili kuna Vuta N'kuvute, ambamo Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, anaondoka na kuitafuta njia yake katika Zanzibar ya kupigania uhuru. Humo maumivu yapo, na mlango wa kutokea upo pia. Kama aliiona filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya hiyo, nusu ya posa imeshajibiwa.

Mtaalamu wa Marekani Rudine Sims Bishop aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu vinaweza kuwa vioo au madirisha: mtoto ajione, au awaone wengine. Mshenga hutafuta kipimo. Mtoto wa mama lishe anayesoma habari za Peter na Zita katika Watoto wa Mama N'tilie, waliofukuzwa shule kwa kukosa ada, anaona maisha yake yamestahili kuandikwa. Mwenzake wa mtaa wa mageti marefu anayasoma hayo hayo kama dirisha. Mwenye ualbino na asiye nao hawasomi Takadini moja, ingawa wote wanamfuata mama yuleyule, Sekai, akikimbia na mwanawe ili asiuawe. Na kwa kijana anayehisi ametolewa kwao kabla ya wakati, yuko Yusuf wa Abdulrazak Gurnah, mwenye miaka kumi na miwili, aliyetolewa na baba yake kwa ajili ya deni. Tangu mwaka 2022 Yusuf huyo anazungumza Kiswahili katika Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Namna yenyewe ya kufanya kazi haina makuu. Fundi haulizi, "Unapenda vitabu gani?" Hilo ni swali la mtihani na litajibiwa kimtihani. Huuliza tamthilia aliyoitazama mwisho na kipande gani alikwenda kuwasimulia wenzake. Huuliza kama anapenda kulia. Huuliza anasomea wapi, maana kitabu cha kwenye daladala na cha kitandani ni viwili. Kisha huweka vitabu vitatu mezani: kimoja cha karibu na ombi, kimoja cha mbali kidogo, na kimoja cha kubahatisha. Kila kimoja hukisimulia kwa sentensi mbili au tatu, hukatiza pale fundo linapofungwa, kisha huondoka. Kuondoka huko ni sehemu ya ufundi. Asiyejua kuondoka ni mchuuzi.

Zaidi ya hapo, hukipokea kitabu kilichorudishwa kikiwa kimesomwa kurasa ishirini, na hakunji uso. Mfaransa Daniel Pennac, mwalimu na mwandishi, aliorodhesha mwaka 1992 haki kumi za msomaji, na ya tatu ni haki ya kutokimaliza kitabu. Mshenga huiheshimu haki hiyo kwa sababu ina faida kwake: kitabu kilichokataliwa humwambia mengi. "Ulikiacha wapi?" huuliza. Jibu la swali hilo humfikisha kwenye kitabu kinachofuata.

Tusijidanganye kwamba ghala limejaa. Riwaya za Kiswahili zilizoandikwa kwa ajili ya vijana hasa ni chache. Mtoto hutoka kwenye Hekaya za Abunuwasi na kurukia riwaya za watu wazima, na nyingi kati ya hizo za zamani hupatikana kwa nakala chakavu tu, pale kwenye turubai la mitumba. Uchache huo haumwondolei mshenga umuhimu, unamzidishia. Kukiwa na vitabu elfu, kijana anaweza kukutana na chake kwa bahati. Kukiwa na thelathini, lazima awepo mtu anayekijua kila kimoja mpaka ndani.

Kwa hiyo, mzazi unayekwenda dukani wiki ya kufungua shule, na mwalimu mwenye funguo za kabati lisilofunguliwa, ombi langu kwenu ni moja. Kabla hamjachagua, muulizeni huyo kijana ni hadithi gani aliwahi kuisimulia kwa mwenziwe bila kuombwa. Mpeni inayofanana nayo, hata kama haitatoka kwenye mtihani. Na muuza vitabu aliyempata msomaji kwa namna hiyo apewe heshima yake, kwa sababu amefanya kazi ambayo mtaala mzima umeishindwa.