Tajiri Ford, mchoraji Rivera na ukuta wetu

Kabla sijaanza niseme ukweli: Detroit sijafika, na kwa makaratasi haya niliyo nayo sioni nikifika karibuni. Picha za Diego Rivera nilizikuta kwenye simu, nikaenda kuzichapisha Lilongwe siku ile tulipotumwa kununua rangi. Bei ya kuchapisha kwa rangi ilinishinda, nikachukua nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo vijana wa kikundi chetu hapa Dzaleka walimjua mchoraji huyu mkubwa bila rangi hata moja. Tulicheka sana. Lakini binti mmoja, ambaye siku nyingine hata kusalimia anasalimia kwa kichwa tu, akauliza: "Kaka, huyu tajiri alilipa ili achorewe nini?"

Nimebeba swali hilo miezi kadhaa sasa.

Tajiri mwenyewe ni Edsel Ford, mtoto wa Henry Ford na rais wa kampuni yao ya magari. Alikubali kutoa pesa ili Rivera, Mmeksiko tena mkomunisti asiyejificha, achore kwenye kuta za ua wa ndani wa jumba la sanaa la Detroit. Mwanzoni walipatana kuta mbili. Rivera akaingia kiwanda cha Rouge, kule Dearborn, akazunguka wiki nyingi na penseli yake kati ya matanuru na mashine, akatoka akitaka kuta zote nne. Ford akaongeza pesa mpaka zikapita dola 20,000. Kazi ikaisha Machi 1933, vipande 27.

Hiyo ndiyo sehemu tamu. Chungu ni hii. Tarehe 7 Machi 1932, wiki chache tu kabla Rivera hajashuka Detroit, watu waliopoteza kazi waliandamana kwenda kiwanda hicho hicho wakidai kazi na msaada wa kuishi. Polisi na walinzi wa Ford wakapiga risasi. Wanne walikufa, na wa tano alikufa baadaye kwa majeraha. Sasa chukua picha zote 27, uzitazame mpaka macho yaume: hakuna maandamano, hakuna maiti, hakuna mtu mwenye njaa. Mkomunisti amechora kiwanda cha watu waliouawa na hajaweka hata tone la damu yao.

Nilipofika hapo nilitaka kumfungia Rivera mlango. Nilisema huyu naye kanunuliwa, ni kama duka la kona linalopakwa rangi ya kampuni ya simu, mwenye duka anafurahi ukuta unang'aa na hajui ametangaza biashara ya mtu mwingine.

Kilichonirudisha ni gari. Kwenye ukuta wa kusini watu wanaunganisha magari, msongamano kabisa, migongo imepinda, wote wanavuta na kusukuma. Gari lililokamilika liko wapi? Lipo, mbali huko mwisho wa mstari, dogo sana, ukifunika kwa kidole huoni tena. Tajiri wa magari amelipa pesa zote hizo na gari lake limechorwa kama mdudu! Waliochukua nafasi ni wafanyakazi, weusi na weupe pamoja, na mashine kubwa zinazofanana na miungu ya kale ya Meksiko. Kuna na kapita mmoja amekunja uso anawachunga. Sisi tuliokulia Kongo tunamjua kapita huyo hata kabla ya kuambiwa ni nani.

Halafu chini ya kuta kuna vipande vidogo, Rivera mwenyewe alivipaka kijivu tu, kama karatasi zangu za Lilongwe. Vinaeleza siku moja ya mfanyakazi tangu anapoingia asubuhi, chakula cha mchana, mpaka anapopokea mshahara na kuondoka. Juu mashine zinawaka rangi, chini maisha ya mtu ni kijivu. Mimi hapo nasoma lawama. Haipigi kelele, lakini ipo.

Je, inatosha? Sisemi inatosha. Wale watano walistahili hata kona. Ila nakubali kwamba Rivera alijua amelipwa na nani, akachagua vita atakayoweza kushinda. Hata hivyo kelele zilikuja, na nyingi hazikuhusu wafanyakazi. Zilihusu mtoto anayechanjwa, na nesi na daktari kando, na farasi, ng'ombe na kondoo mbele. Watu wa dini waliona amemdhihaki Yesu na familia yake. Wengine wakataka kuta zipakwe nyeupe. Edsel Ford hakukubali, na kwa hilo nampa heshima yake.

Mwaka huo huo New York haikwenda hivyo. Rivera alimchora Lenin ndani ya jengo la akina Rockefeller, akaombwa amtoe, akakataa, akalipwa na kusimamishwa. Februari 1934 mchoro ukavunjwa. Na ilibidi kuvunja kweli, kwa sababu fresko hupakwa juu ya plasta ya chokaa ingali mbichi, rangi inaingia na kukauka pamoja na ukuta. Huwezi kuifuta na kitambaa.

Yetu inafutika. Mwaka jana mfadhili mmoja, jina naliacha, alitupa rangi na brashi tuchore ukuta wa nje wa jengo la vijana. Kijana wetu mmoja alichora foleni ya mgao: mama na mtoto mgongoni, mzee amekaa juu ya ndoo, jua. Ilikuwa nzuri, hata waliopita walijitafuta ndani yake. Tukaambiwa kwa upole sana kwamba wanaotoa pesa wangependa kuona matumaini. Hakuna aliyetutishia. Tukachukua rangi ile ile tuliyopewa tukaipaka foleni wenyewe, tukachora watoto wanacheka, tukapewa soda. Mchoraji hakunywa yake. Tangu siku hiyo hajaja kikundini, na mimi ndiye niliyemshikia ndoo ya rangi nyeupe.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, msikasirike. Mnajua wenyewe gari lenu jeupe lina nembo pande ngapi.

Turudi kwa swali la yule binti. Edsel Ford naye yumo kwenye mchoro, pamoja na William Valentiner, mkurugenzi wa jumba aliyemwita Rivera. Wako pembeni chini, ukuta wa kusini, wamesimama kama watu waliopita wakaona kazi inaendelea. Wiki iliyopita nilikwenda na kamba kupima nembo kwenye ukuta wetu. Ni pana kuliko watoto watatu wanaocheka wakipangwa pamoja.

Mfadhili amesema ataleta rangi tena mvua zikiisha. Kikao ni Alhamisi. Nitakwenda na karatasi yangu nyeusi na nyeupe, niwaonyeshe kona ya Ford, niombe nembo iwe na ukubwa huo. Nimepita pia nyumbani kwa yule kijana kumwomba aje. Mama yake alisema amelala, ingawa brashi zilikuwa dirishani, zimelowa.